Hewa Itoke Wapi? Kutambua Kazi Nzuri ya Bati Chini ya Boneti

Kila Novemba, kumbi za maonyesho za NEC kando ya jiji la Birmingham hujaa magari ya zamani yaliyofunguliwa boneti. Wengi huvutwa na kabureta zinazong'aa na rangi isiyo na doa. Mjuzi huyapitia hayo haraka, kisha hushuka kwenye bati: pale palipotobolewa, palipokunjwa na palipochomelewa upya ili injini ipate hewa zaidi. Kabureta hununuliwa dukani, lakini bati hutoka mikononi mwa fundi, na kila uamuzi wake hubaki wazi kwa anayejua kutazama.

Birmingham ina sababu ya kuwa na watu wenye jicho kali la namna hiyo. Herbert Austin alianzisha kiwanda chake Longbridge, kusini-magharibi mwa jiji, mwaka 1905. Hapo ndipo Mini, iliyobuniwa na Alec Issigonis na kuzinduliwa Agosti 1959, ilipoendelea kuundwa mpaka ya mwisho ilipotoka tarehe 4 Oktoba 2000. Kabureta za SU zilitengenezwa Adderley Park. Bodi za Austin-Healey 100 zilitoka kwa Jensen huko West Bromwich, kisha magari yakaunganishwa Longbridge. Vizazi vya wafanyakazi wa jiji hili vimekula jasho la kukunja bati.

Kipimo chao cha kwanza huwashangaza wageni. Kutoboa tundu la kuingizia hewa ni kazi ya asubuhi moja, na karibu kila mwenye msumeno anaiweza. Kazi ngumu ni kuipa hewa hiyo njia ya kutokea, na kufanya hivyo bila kugusa bati linalobeba gari. Anayetaka kununua gari lililofanyiwa kazi hii, au kumpa fundi gari lake, aanze na maswali hayo mawili: hewa inatoka wapi, na ni nini kilichoachwa bila kukatwa?

Ramani ya msukumo

Katika jumba la sayansi la Thinktank, katikati ya jiji, limewekwa gari la dereva wa mbio John Cobb, Railton Mobil Special. Septemba 1947, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville nchini Marekani, liliweka rekodi ya dunia kwa wastani wa zaidi ya kilomita 630 kwa saa. Injini zake mbili za Napier zilipozwa kwa tangi la barafu. Mbuni wake, Reid Railton, alijua kwamba hewa inayopenya kwenye rejeta hulivuta gari nyuma, na kwa mbio za dakika chache aliona heri kubeba barafu.

Gari la barabarani halina nafasi hiyo. Lakini somo ni lile lile: hewa ina gharama, kwa hiyo fundi mzuri huingiza kidogo na kuhakikisha yote inafanya kazi. Hewa hufuata njia rahisi. Ikikuta pengo kando ya rejeta itapita hapo, na rejeta itabaki na moto wake. Kwa hiyo mjuzi hutazama kwanza nafasi iliyo kati ya grili na rejeta. Je, kuna mabati ya pembeni yanayoielekeza hewa? Je, kingo zimezibwa kwa mpira au sponji ngumu? Bampa lenye tundu kubwa na rejeta iliyozungukwa na mapengo ni dalili kwamba pesa zilitumika mahali pasipo na tatizo.

Kisha huja juu ya boneti. Gari likiwa kwenye mwendo, msukumo wa hewa haulingani kila mahali. Sehemu ya mbele ya boneti, nyuma kidogo ya ukingo wake, hewa huongeza kasi na msukumo hupungua, kwa hiyo tundu likiwekwa hapo huvuta joto kutoka ndani. Chini ya kioo cha mbele hali hugeuka: hewa hugonga kioo, hurundikana, na msukumo hupanda. Ndiyo maana magari mengi huchukua hewa ya abiria kutoka hapo.

Wanaoinua nyuma ya boneti kwa vipande vya chuma wanapaswa kulifahamu hili. Gari likisimama kwenye foleni, joto litapanda na kutoka kweli. Likianza kukimbia, hewa ya kwenye kioo inaweza kusukumwa ndani ya chumba cha injini na kuizuia ile inayotoka kwenye rejeta. Zaidi ya hayo, harufu ya mafuta na moshi wa injini hupata njia fupi ya kufika kwa abiria, na boneti hukaa kwenye bawaba zilizolazimishwa. Mjuzi akiviona vipande hivyo huuliza vimewekwa kwa kipimo gani. Mara nyingi hakuna kipimo chochote.

Mini yenyewe hufundisha jinsi njia ya kutokea inavyotawala yote. Injini yake imelala kwa upana wa gari, na kwa miaka mingi rejeta ilikaa upande wa kushoto, feni ikisukuma hewa kupitia nafasi zilizokatwa kwenye bati la ndani la madigadi hadi kwenye gurudumu. Mwishoni mwa mwaka 1996 ndipo modeli zenye sindano mbili za mafuta zilipohamishiwa rejeta mbele. Wapo wanaokata nafasi zile nyembamba za pembeni ili kupata tundu moja kubwa. Kazi hiyo huweza kusaidia, lakini gurudumu hurusha maji, mchanga na mawe, na bati lililobaki bila ukingo uliokunjwa huanza kutikisika. Aliyeifanya vizuri ameukunja ukingo, ameweka wavu imara, na pembe zote za tundu ni za mviringo.

Luva zinavyosomeka

Njia maarufu ya kutolea joto ni luva: mipasuo iliyoinuliwa juu ya boneti, ikitazama nyuma, kama zile za madirisha. Mfano mashuhuri ni Austin-Healey 100M ya 1955 na 1956. Magari 640 hivi yaliundwa, yakiwa na boneti yenye luva na mkanda wa ngozi, kabureta kubwa za SU na kisanduku cha kuingizia hewa baridi. Kwa kuwa boneti kama hiyo huweza kuwekwa kwenye Austin-Healey 100 yoyote, mnunuzi makini hatosheki na luva. Huomba cheti cha British Motor Industry Heritage Trust, ambacho huonyesha gari lilitoka kiwandani likiwa na nini.

Luva hupigwa kwa mashine yenye kisu na kalibu: pigo moja hukata na kuinua bati kwa pamoja. Kila pigo hulivuta bati, na boneti nyembamba ikipigwa mara nyingi bila mpango hujikunja na kufanya mawimbi. Kwa hiyo mjuzi huinama mpaka jicho lilingane na boneti, akaangalia mwanga unavyoteleza juu yake. Mstari wa luva uwe umenyooka, vimo vilingane, na eneo kati ya luva moja na nyingine lisiwe na shimo wala kivimbe. Kisha huzikagua ncha zake mbili, mahali bati lilipovutwa zaidi; nyufa huanzia hapo, hata zikiwa nyembamba kama unywele.

Hatua inayofuata ni kuigeuza boneti. Chini yake kuna mbavu za bati zinazoipa ugumu. Luva zilizopangwa vizuri hukaa kati ya mbavu. Mbavu zikikatwa, boneti itapepea kwenye barabara kuu, na kufuli litabeba mzigo lisioumbiwa. Fundi mwaminifu atapunguza idadi ya luva kabla ya kukata ubavu, hata kama mteja alipenda mchoro wenye safu nyingi. Kufuli la pili, lile linalozuia boneti kufumuka lile la kwanza likiachia, lazima lifanye kazi kama zamani.

Mahali pasipoguswa

Katika magari mengi ya leo hakuna chesi iliyo kando. Bodi ndiyo chesi. Shokapu za mbele zimefungwa juu ya mabati ya ndani ya madigadi, na kila shimo la barabarani hupiga hapo. Boriti za mbele zimeundwa zijikunje kwa mpangilio gari linapogongana, ili nguvu ipungue kabla ya kumfikia dereva. Tundu likitobolewa kwenye boriti hiyo, au karibu na kikombe cha shokapu, hakuna hewa inayoweza kulipia hasara yake. Kazi yenye dosari hapa haihitaji majadiliano ya bei. Mnunuzi aondoke.

Mini hutoa mfano mgumu zaidi. Kabureta ya Weber ya kulala pembeni ni ndefu mno kwa nafasi iliyo nyuma ya injini. Ili itoshe, mafundi hukata ukuta unaotenga injini na abiria, na kujenga kisanduku kinachoingia upande wa dashibodi. Hapa ubora hupimwa bila huruma. Kisanduku kiwe cha chuma, kichomelewe kwa mshono usiokatika pande zote, na kisiache tundu la sindano, kwa sababu ukuta huo huzuia moto na mvuke wa petroli. Njia rahisi ya kukagua ni kukaa ndani usiku, mtu akimulika kwa kurunzi kutoka upande wa injini. Mwanga ukipenya, petroli pia itapenya. Ribiti na puti peke yake hazitoshi.

Sheria za Uingereza zinaelekea huko huko. Mkaguzi wa MOT, ukaguzi wa kila mwaka wa magari, hutazama kutu na nyufa katika eneo la sentimita 30 kutoka sehemu zinazoshikilia breki, usukani, shokapu na mikanda ya usalama. Makali ya bati yanayoweza kumjeruhi mtu nayo huhesabiwa kasoro. Tangu Mei 2018, magari mengi yaliyozidi miaka 40 yamesamehewa ukaguzi huo, lakini msamaha hauyahusu yaliyobadilishwa sana katika miaka 30 iliyopita. Mwenye gari aulize DVLA, mamlaka ya usajili wa magari, kabla msumeno haujawashwa, na aiandikie kampuni ya bima, kwa kuwa badiliko lisilotajwa huweza kumnyima fidia siku ya ajali.

Maji na chumvi

Tundu linalopitisha hewa hupitisha mvua. Wenye Mini za mwanzo waliujua ukweli huo barabarani: distribyuta imekaa mbele ya injini, nyuma tu ya grili, na mvua kubwa iliweza kulizima gari. Kwa hiyo chini ya luva atazamwe mlinzi wake: kibati cha kukinga maji yasiangukie nyaya, kompyuta au mdomo wa kabureta, na njia ya kuyatoa yasituame.

Birmingham humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na chumvi huanza kula kwenye ukingo uliokatwa. Rangi iliyopuliziwa juu tu haikingi kitu. Kidole kikipitishwa polepole ndani ya tundu kisikwaruzwe. Ukingo uwe umepigwa tupa, ukapakwa rangi ya zinki, ukazibwa maungio, na nta ikanyunyiziwa ndani ya boriti zilizo wazi. Bati la alumini lililofungwa moja kwa moja kwenye chuma, bila kitu cha kuyatenganisha, litageuka unga mweupe kwenye maungio baada ya majira machache ya baridi.

Ushahidi wa barabarani

Fundi anayejiamini ana namba. Atakuwa amepima joto la maji na la hewa ya kabureta kabla ya kukata, kisha baadaye, katika barabara ile ile na kwa mwendo ule ule. Atakuwa amebandika nyuzi fupi za sufu juu ya boneti na kuzipiga picha gari likienda: zinazolala nyuma huonyesha hewa tulivu, zinazozungukazunguka huonyesha vurugu, na zinazovutwa ndani ya tundu la kutolea hufichua kwamba kazi imekwenda kinyume. Mrija wa plastiki wenye maji ya rangi, ncha moja mbele ya rejeta na nyingine nyuma yake, hutosha kulinganisha msukumo wa pande mbili.

Hali ya hewa nayo iingie kwenye hesabu. Novemba, hewa ya Birmingham ikiwa karibu nyuzi 10, hata kazi mbovu huonekana nzuri. Anayepanga kulisafirisha gari lake Mombasa, kisha alipandishe hadi Nairobi, anahitaji jaribio kali zaidi: joto la pwani mwanzoni, malori ya polepole mbele yake, na mwisho mwinuko wa karibu mita 1,700, ambako maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mfuniko wa rejeta unaobana vizuri hupandisha kiwango hicho, kwa hiyo ubadilishwe kwanza, feni na mabomba yakaguliwe, rejeta isafishwe. Mara nyingi sindano ya joto hushuka hapo hapo. Kama bado inapanda, fundi apewe gari siku ya joto kali la Julai huko Uingereza, alipandishe mlima likiwa na abiria wanne, na alete vipimo vyake kabla ya kuchora mstari wa kwanza kwenye boneti.