Nani Mwandishi wa Buli Hili?

Ndugu msomaji, usicheke nikikuambia kwamba safari hii sihakiki riwaya wala diwani. Nahakiki buli la chai. Ubavuni lina maandishi ya kuchongwa, kitakoni lina muhuri wa mshairi. Sasa kama hiyo si fasihi, ni nini?

Mshairi mwenyewe ni Chen Hongshou (1768–1822), maarufu kwa jina la Mansheng. Alikuwa mtawala wa wilaya ya Liyang, China, jirani na Yixing, ambako tangu karne ya 16 hufinyangwa mabuli ya udongo uitwao zisha. Mansheng alibuni maumbo: moja kama kata ya maji, jingine kama nusu ya kigae cha paa, jingine kama kofia ya mianzi. Kisha yeye na rafiki zake wakatunga maneno machache ya kuchonga ubavuni. Kufinyanga, hakufinyanga. Kazi hiyo ilikuwa ya Yang Pengnian na nduguze.

Hebu pindua buli hilo. (Mimi nimeyaona kwa picha tu, nakiri.) Chini, mahali ambapo fundi hupiga muhuri wake, kuna muhuri wa Mansheng. Na Pengnian je? Mtafute chini ya mkono wa buli, kimuhuri kidogo kimejificha. Hapo ndipo roho iliponiuma, maana sisi tunaoshika kalamu ni wepesi wa kudhani kazi ni maneno tu.

Nathubutu kusema shairi kubwa hapo ni la mfinyanzi. Kwa desturi buli la Yixing halizungushwi kwenye gurudumu. Udongo hupondwa kwa nyundo ya mbao hadi uwe bapa, vipande vikaunganishwa. Haupakwi rangi ya kung'aa. Udongo huo una vitundu vidogo mno vinavyonywa chai, ndiyo sababu wenyewe huliosha kwa maji matupu, sabuni mwiko, na wengi huliwekea aina moja tu ya chai. Likitumika miaka, ngozi yake hulainika na kung'aa yenyewe. Eti kuna wanaosema buli kuukuu ukilitia maji moto bila majani utakunywa chai. Jamani! Hiyo ni chumvi.

Ukweli unatosha bila chumvi. Buli ni dogo, majani ni mengi, maji ni kidogo. Unamimina yote mara moja, unaongeza maji tena na tena, na kila kikombe kina ladha yake. Kifuniko kikikaa barabara, ziba tundu lake kwa kidole: mkondo wa chai unakatika papo hapo. Huo ndio uhakiki ninaouamini. Maneno mazuri ubavuni hayaliokoi buli linalochuruzika.

Mwaka 1948 Gu Jingzhou (1915–1996) alifinyanga mabuli matano ya umbo lile la kata, na Wu Hufan, mchoraji, akayapamba kwa picha na maandishi. Moja liliuzwa mnadani Beijing mwaka 2010 kwa yuani milioni 12.32. Safari hii jina la mfinyanzi ndilo lililotangulia, nami nilifurahi, kisha nikajiuliza ni nani atakayethubutu kulitia maji moto.

Ningepewa mimi, ningebandika birika kwanza.