Jinsi Herufi ㄭ Ilivyopata Nambari Yake katika Kompyuta

Bopomofo ni mwandiko wa kifonetiki uliotangazwa rasmi na Wizara ya Elimu ya Jamhuri ya China mwaka 1918 ili kuonyesha matamshi ya Kichina, na hadi leo watoto wa Taiwan hujifunza kusoma kwa kuanza nao. Herufi zake za matumizi ya kila siku ni 37, na miongoni mwake haimo ㄭ, herufi ya irabu inayosikika katika silabi kama zhi, shi na si. Irabu hiyo haiandikwi kwa sababu ni konsonanti saba tu, yaani ㄓ, ㄔ, ㄕ, ㄖ, ㄗ, ㄘ na ㄙ, zinazoweza kusimama peke yake kama silabi kamili, hivyo msomaji akiona ㄕ bila irabu hutamka shi pasipo utata wowote.

Desturi hiyo ya tahajia ndiyo iliyoifungia ㄭ nje ya kompyuta. Viwango vya awali vya usimbaji, yaani utaratibu wa kuipa kila herufi nambari ambayo mashine huihifadhi badala ya umbo lake, vilichukua herufi 37 peke yake, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa GB 2312 ya China ya mwaka 1980 na Big5 ya Taiwan ya mwaka 1984. Unicode, kiwango kinachokusudia kukusanya miandiko yote ya dunia mahali pamoja, kiliongeza herufi tatu za matamshi ya lahaja, ㄪ, ㄫ na ㄬ, zikawa 40 kuanzia U+3105 hadi U+312C, lakini ㄭ bado ikaachwa.

Mwanaisimu aliyetaka kuitaja irabu hiyo angeweza kuazima 帀, herufi ya kawaida ya Kichina yenye umbo linalokaribiana nayo, na jicho lisingelalamika. Hata hivyo, kompyuta haisomi umbo bali nambari, na 帀 ina nambari U+5E00 inayoitambulisha kuwa neno la Kichina lenye maana na matamshi yake. Kwa hiyo programu ya kutafuta ingeikosa miongoni mwa alama za matamshi, na programu ya kupanga maneno ingeitupa mbali na wenzake.

Suluhisho lilikuja mwaka 2008, pale toleo la 5.1 la Unicode lilipoipa ㄭ nambari U+312D, mara tu baada ya ㄬ, pamoja na sifa zinazoieleza programu kwamba hii ni herufi na kwamba mwandiko wake ni Bopomofo. Katika UTF-8, ambayo ni njia ya kuandika nambari za Unicode kwa baiti, 312D hugeuzwa kuwa biti 16, 0011000100101101, kisha hukatwa katika mafungu ya biti nne, sita na sita. Fungu la kwanza hutanguliwa na 1110, ishara kwamba herufi ina baiti tatu, na kila moja ya mafungu mawili yanayofuata hutanguliwa na 10, ishara ya mwendelezo. Matokeo yake ni baiti E3, 84 na AD.

Nambari peke yake haichori herufi, kwa kuwa fonti lazima iwe na umbo lake, na mtumiaji lazima apate njia ya kuiingiza. Hata hivyo nambari ndiyo msingi, kwa sababu Unicode haiiondoi wala kuihamisha herufi ikishasimbwa, na maandishi yatakayohifadhiwa leo yatabaki na utambulisho uleule hata fonti zikibadilika. Ndiyo maana uchache wa matumizi hauwezi kuwa kipimo pekee cha kusimba herufi: ㄭ haihitajiki katika barua wala gazeti, lakini kamusi au kitabu cha sarufi kinachoeleza kwa nini irabu hiyo haiandikwi hakiwezi kuieleza bila kuiandika.