Ufundi wa Mpwa

Charles Dickens alipotoa kitabu chake cha Krismasi mwezi Desemba 1843, nakala 6,000 za kwanza ziliisha kabla ya sikukuu yenyewe kupita. Tangu hapo, kila anayekisimulia humtaja kwanza Scrooge, yule bahili wa London, kisha mizimu iliyomtokea usiku ikamtisha hadi akageuka. Mimi sifa nampa mtu mwingine: Fred, mpwa wake, mtoto wa dada yake marehemu. Mizimu ilimwamsha mzee, sawa. Lakini mzee aliyeamka na moyo mpya asubuhi ya Krismasi, angekwenda kula kwa nani? Ilikuwapo nyumba moja tu katika mji mzima ambayo mlango wake alikuwa ameachiwa wazi, na aliyeuacha wazi ni huyo kijana.

Hebu itazame kazi yake. Anaingia ofisini kwa mjomba siku ya mkesha, anamtakia heri, anajibiwa kwa kejeli. Anaambiwa mtu maskini kama yeye hana sababu ya kufurahi. Ndoa yake inabezwa kwa kuwa ameoa kwa mapenzi. Hakasiriki. Anamwalika mjomba chakula cha kesho yake, anakataliwa, anaaga kwa uso uleule aliokuja nao, na akiwa anatoka anamtakia heri hata karani aliyekuwa akitetemeka kwa baridi. Kesho yake, mezani kwake, anawaambia wageni kwamba anamhurumia mzee, maana ubaya wake unamuumiza mwenyewe, na kwamba kila mwaka atarudi kumwalika, apende asipende. Kusamehe mara moja wengi tunaweza, hasa tukiwa tumeshiba. Kurudi kila mwaka kwenye mlango uliofungwa, bila kununa na bila kujipendekeza, huo ni ufundi, na fundi wake anastahili kusifiwa kama anavyosifiwa fundi seremala au mchonga mitumbwi.

Huku kwetu Ifakara mafundi wa namna hiyo wapo. Na kazi yao ni ngumu kuliko ya Fred, kwa sababu Desemba katika Bonde la Kilombero si mwezi wa neema. Fedha za mavuno ya katikati ya mwaka zimeshakwenda kwenye trekta, mbegu na vibarua. Mvua zimeanza au ziko njiani. Familia nyingi zinajiandaa kuhamia mashambani, kwenye vibanda vya msimu, na mpunga uliobaki ndani unahesabiwa gunia kwa gunia hadi mpya uive. Anayepika wali wa Supa siku hiyo, ule ambao harufu yake humfikia jirani kabla ya sahani, ametoa katika kidogo.

Na ugomvi wa ndugu huku huanzia ardhini. Ardhioevu ya bonde hili, iliyoingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani, ina karibu kilomita za mraba 8,000, lakini watu wa tumbo moja huacha kusalimiana kwa hatua mbili za tuta la jaruba.

Jirani yetu mmoja, mama wa Kibaoni, alikosana na kaka yake kwa shamba la marehemu baba yao. Kaka alilishika lote. Anakaa ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga; zamani, kabla ya daraja, ilibidi mama huyo asubiri pantoni pale Kivukoni ndipo amfikie. Alisubiri. Akifika hupiga hodi, humwamkia, na kaka, hata akiwa amevimba vipi, huitikia marahaba, kwani nani huinyima shikamoo jibu lake? Kisha huuliza mvua za upande ule, humuulizia wifi mguu wake. Mwisho husema: "Kaka, kesho nina jogoo. Vijana wangu hawajui kuchinja, watamtesa bure. Njoo unisaidie."

Vijana wake wanachinja vizuri sana, nimewaona. Ila yeye anajua kwamba mtu mwenye kosa haji mahali pa kusamehewa. Huja mahali anapohitajika. Shamba halitaji, wala neno msamaha halimtoki.

Miaka ya kwanza kaka hakuja. Jioni ya sikukuu wali na nyama vilitiwa kwenye hotipoti vikapelekwa kwake, na siku ya pili mama alifuata chombo, akapata sababu ya kuketi tena barazani. Mwaka uliofuata akaenda na maneno yaleyale. Siku kaka alipokuja hatimaye, alikuja na kisu chake mwenyewe. Hakuna aliyemwambia "leo umetukumbuka". Alipewa jogoo, akachinja, akamiminiwa maji ya kunawa, akawekewa kiti. Ndivyo alivyofanya Fred pia: mjomba alipochungulia mlangoni akiomba kuingia, alishikwa mkono kwa furaha, na baada ya dakika chache alikuwa kama mtu wa nyumbani. Suala la shamba lilizungumzwa baadaye, msimu wa mavuno, mbele ya wazee, na watu walioweza kutazamana.

Wengine watasema hii ni kazi ya watani. Kweli, mtani huingia msibani akacheka wengine wakilia, akaigiza mwendo wa marehemu, akadai hela pale makaburini, na hakuna anayemkasirikia. Naupenda utani na naomba usife. Lakini mtani amepewa ruhusa na mila. Mpwa kwa mjomba aliyemfukuza, dada kwa kaka aliyemdhulumu, hawana ruhusa ya mtu. Ruhusa yao wanaitengeneza wenyewe, mwaka hadi mwaka, kwa uso mkunjufu.

Krismasi haiko mbali. Kama una mjomba, kaka au shangazi mliyenyimana salamu, usimtumie ujumbe wa simu. Nenda mwenyewe, mwamkie, mpe kazi ya kufanya. Akikataa, mpelekee chakula, na kesho yake ukafuate chombo.