Je, Mwafrika Hana Kesho? Tukimsoma John Mbiti

Washarika wengi hawajakishika mkononi kitabu cha Profesa John Mbiti juu ya dini na falsafa za Kiafrika, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1969. Lakini dai lake moja wamelisikia mara nyingi bila kuambiwa lilikotoka. Linatajwa kwenye semina za maendeleo na kwenye mafunzo ya ujasiriamali, na sisi wachungaji tunalitaja madhabahuni sadaka ya ujenzi inapopungua: Mwafrika hafikirii wakati ujao. Kwa kuwa linasemwa kwa jina la utafiti, watu huinamisha vichwa na kulikubali. Ni vema basi tuurudie utafiti wenyewe, tuone umesimama juu ya nini.

Mbiti si mtu wa kubezwa. Alizaliwa Kitui mwaka 1931, Mkamba, akawa kasisi wa Kianglikana, akasoma Cambridge na kufundisha Makerere. Uzeeni alitafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki kwenda Kikamba. Alipoandika, wengi bado waliziita dini za babu zetu ushenzi mtupu. Yeye alikusanya majina ya Mungu na sala za makabila mengi akaonyesha kwamba babu zetu hawakuishi bila kumjua Muumba. Kwa hilo kanisa lote la Afrika lina deni kwake.

Hoja yake juu ya wakati, hata hivyo, aliijenga juu ya sarufi. Alivichunguza vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, akavipanga katika nyakati tisa. Akaona kwamba yaliyopita yanarudi nyuma bila kikomo, ila yajayo yanaishia karibu sana: miezi sita, au miaka miwili ukizidisha. Akaazima maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akasema maisha ya Mwafrika yamo humo. Kisha akatoka kwa Wakamba na Wakikuyu, akalitandaza neno hilo juu ya Waafrika karibu wote.

Hapo hatuwezi kumfuata. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwame Gyekye, alimjibu katika kitabu chake cha mwaka 1987 kwamba Waakani wana maneno ya wakati ujao wa mbali. Wala hatuna haja ya kufika Ghana. Kiswahili hichohicho kilichomwazima Mbiti majina yake kina kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo, kina mwakani. Na ile -ta- yetu haiulizi kama jambo litatukia jioni hii au siku ya ufufuo. (Atakayesema kiyama ni neno la Kiarabu hajakosea, lakini -ta- si ya Kiarabu.)

Kuna kosa lililo kubwa zaidi, nalo ni kudhani kwamba kitenzi ndicho kinachoiongoza akili. Kifini hakina kabisa umbo la kitenzi la wakati ujao. Wafini, ambao wamisionari wao Walutheri wamefanya kazi nchini mwetu miaka mingi, husema mambo ya kesho kwa umbo lilelile la leo, na bado hupanda misitu itakayovunwa na wajukuu. Vitenzi vya Kiebrania cha Agano la Kale navyo havitengi jana na kesho waziwazi kama vyetu. Lakini ni katika lugha hiyo tunasoma habari za Yeremia, aliyenunua shamba Anathothi huku Yerusalemu imezingirwa, akaagiza hati ziwekwe katika chombo cha udongo zidumu.

Mbiti aliona pia kwamba Wakristo Wakamba walimngojea Bwana arudi upesi sana, akasema ni kwa sababu hawakuwa na mahali pengine pa kuuweka wakati ujao. Je, Wathesalonike? Hao walisema Kigiriki, lugha yenye wakati ujao uliokamilika, na Paulo ilimbidi awaonye walioacha kazi. Luther naye, kwa Kijerumani chake, aliamini siku ya mwisho iko mlangoni. Kule Marekani wafuasi wa William Miller walimngojea Kristo tarehe 22 Oktoba 1844, nao walisema Kiingereza. Kungojea upesi ni jambo la waamini wa kila lugha.

Hatubishani hivi ili kuwapendeza wasomi. Katika kuwatembelea wagonjwa tumekutana na wenye kisukari na shinikizo la damu walioacha dawa, na tumesikia wahudumu wa afya wakisema kwa upole, ndivyo watu wetu walivyo, hawaoni mbali. Mama mmoja alitujibu: “Kesho naijua sana, Baba Mchungaji. Nauli ndiyo sina.” Sentensi ya mwaka 1969 ilikuwa imezuia swali la nauli lisiulizwe. Na huyo mama ni mweka hazina wa kikundi cha upatu chenye wanachama ishirini. Wa mwisho hungoja zamu yake miezi ishirini, na hakuna anayeona ajabu. Mkulima wa kahawa hungoja kupita hiyo miaka miwili kabla hajaona mavuno ya maana.

Kwa maoni yetu kitabu bora cha Mbiti ni kile cha mwaka 1971, juu ya mafundisho ya mambo ya mwisho katika Agano Jipya na mazingira ya Kiafrika. Ndani yake anauliza neno ambalo wahubiri huliruka: Mkamba anapohubiriwa moto, hazina, mji na machozi, anaona nini hasa? Aligundua kwamba wengi walipokea picha kana kwamba ndiyo mambo yenyewe, na lawama aliielekeza kwa walivyofundishwa. Hapa hakuhitaji nadharia yoyote ya vitenzi. Alisikiliza waamini wakieleza tumaini lao.

Sisi tunazika karibu kila juma na kusema habari za makao ya mbinguni, na ni mara chache tunawauliza wafiwa wamesikia nini. Wanafunzi wetu wa theolojia wanaokwenda mazoezi sharikani tumeanza kuwapa kazi hiyo: waketi na wazee watatu, siku nyingi baada ya mazishi, wawaulize, na waandike majibu kwa maneno ya wazee wenyewe.