Hifadhi, Hazina au Ghala?

Miongoni mwa istilahi ambazo watafsiri na walimu wamekuwa wakituuliza mara kwa mara ni jina la kile chombo ambacho wakutubi wa vyuo vikuu hukiita ripozitori. Chombo hicho ni mahali katika kompyuta za chuo ambapo tasnifu, makala, ripoti na mihadhara ya wanachuo huwekwa, huorodheshwa, hutunzwa kwa muda mrefu na kutolewa kwa msomaji yeyote kwa njia ya intaneti. Katika maandishi ya Kiswahili tumekwisha kukutana na majina matatu: hifadhi ya kidijitali, hazina ya kidijitali na ghala la kidijitali. Mwandishi mmoja huweza kuyatumia yote matatu katika waraka mmoja, kana kwamba tofauti zake hazina uzito. Sisi twaona kwamba zina uzito, na katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwa nini.

Chombo chenyewe si kigeni tena kwetu. Programu ya EPrints ilitolewa na Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, mwaka 2000. Ile ya DSpace, iliyoundwa na chuo cha MIT cha Marekani pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard, ilitolewa mwaka 2002. Mwaka huohuo wa 2002 ndipo lilipotolewa Tangazo la Budapest, lililotaka matokeo ya utafiti yasomwe na watu wote bila ya malipo. Hapa Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Chuo Kikuu Huria ni miongoni mwa vyuo vilivyojenga vyombo vya namna hiyo. Kwa hiyo hatuzungumzii jambo la kesho. Tunazungumzia kitu kilichokwisha kujengwa kabla hakijapata jina la kueleweka.

Tulipozuru Kirando, katika Wilaya ya Nkasi, tulikutana na mwalimu wa sekondari aliyekuwa akitafuta maandiko juu ya dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika. Wanafunzi wake ni watoto wa wavuvi. Huziona taa za mitumbwi ziwani usiku, na asubuhi huanika dagaa pamoja na mama zao. Alitaka wajue wataalamu wamesema nini juu ya samaki hao. Alikuwa amepata, katika simu yake, ukurasa wa chuo kimoja wenye maneno “hifadhi ya kitaasisi”. Akatuuliza kwa adabu: “Ndugu zangu, kibali cha kuingia humo hutolewa Namanyere au ni mpaka Sumbawanga?”

Wako watakaocheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu mwalimu yule alikuwa amelisoma neno kama linavyosomwa na watu wa upande ule wa nchi. Kwa mkazi wa Rukwa na Katavi, hifadhi ni Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974: mahali penye mipaka, penye askari, ambapo mwananchi haingii ila kwa ruhusa, wala hatoki na kitu mkononi. Hiyo ni maana halali ya neno, nayo inawafaa wanyama. Lakini chombo tunachokizungumzia kimejengwa kwa shabaha ya kinyume, yaani kila mtu aingie na kila mtu atoke na nakala. Istilahi inayomfanya msomaji asimame mlangoni kungojea kibali imeshindwa kazi yake, hata kama asili yake katika Kiarabu haina kasoro.

Tuje kwenye hazina. Hili ni neno tukufu, na watungaji wa hotuba hulipenda. Lakini nalo lina mazoea yake. Katika lugha ya serikali, Hazina ni mahali zinapotunzwa fedha za umma, na kila mtumishi ajua kwamba hapafunguliwi ovyo. Katika ngano zetu hazina huzikwa au hufichwa, nayo hupatikana kwa bahati. Zaidi ya hayo, neno hili lina sifa ndani yake: kuita kitu hazina ni kusema kwamba ni cha thamani. Ripozitori ya chuo hupokea tasnifu bora na tasnifu ya wastani pia, haichagui vito. Istilahi haipaswi kutoa hukumu kabla msomaji hajasoma. Twapendekeza neno hazina libaki kwa mikusanyo maalumu na adimu, mathalani hati za kale.

Limebaki ghala. Wako wanaolidharau wakisema kwamba ni neno la mahindi. Sisi twaona kwamba hiyo ndiyo nguvu yake. Huko Ufipa, ambako mahindi, maharage na ulezi ni uhai wa nyumba, hakuna anayedhani kwamba ghala hujengwa ili nafaka ifungiwe milele. Ghala hujazwa ili watu wale. Neno moja linabeba kazi zote mbili za chombo hiki: kuweka na kutoa. Hifadhi na hazina hubeba ya kwanza tu.

Tena ghala linaendana na msamiati mwingine wa kazi hii. Tangu mwaka 2001 pameundwa utaratibu unaowezesha kompyuta moja kukusanya orodha za maandiko kutoka ripozitori nyingi, ili msomaji atafute mara moja tu badala ya kuzunguka chuo hadi chuo. Wataalamu wa nchi za nje huiita kazi hiyo kuvuna. Katika Kiswahili, “kuvuna hifadhi” ni kosa la jinai, na “kuvuna hazina” ni maneno yasiyokaa pamoja. Lakini mavuno na ghala ni ndugu tangu zamani.

Lililo kubwa zaidi ni suala la utunzaji. Wengi hudhani kwamba kazi imekwisha siku ya uzinduzi, wageni waheshimiwa wanapokwisha kuondoka. Sivyo. Faili la kompyuta huharibika bila ya kuonekana. Kwa hiyo programu hulifanyia kila faili hesabu na kuandika jawabu. Baada ya muda huirudia hesabu hiyo, na jawabu likibadilika hujulikana kwamba faili limeguswa au limeoza. Namna za kuandika mafaili nazo huchakaa, na hapana budi kuyahamisha katika namna mpya. Kila andiko hupewa namba ya kudumu, ili mashine ikibadilishwa msomaji asikute mlango uliofungwa. Nakala huwekwa mahali pengine, kwa hofu ya moto na umeme. Mkulima wa Ufipa hahitaji mhadhara mrefu kuyaelewa haya. Anajua kwamba nafaka huanikwa, hugeuzwa na kukaguliwa, na anamjua dumuzi, mdudu aliyeingia nchini kutoka Amerika mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambaye hula gunia zima huku nje likionekana salama. Mtu aliyepewa ghala anajua kwamba amepewa kazi ya kila siku. Mtu aliyepewa hazina anadhani amepewa ufunguo.

Hatuna budi kujibu pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba nafaka huliwa ikaisha, ilhali andiko husomwa na watu mia likabaki. Hilo ni kweli, lakini hakuna istiara inayolingana na kitu kwa kila upande. Hata maktaba, kwa asili, ni mahali pa kuandikia, wala halijatuzuia kusoma humo. Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Wataalamu wa kompyuta wamekwisha kutumia “ghala la data” kwa mfumo wa takwimu za biashara na utawala. Kwa sababu hiyo hatupendekezi ghala peke yake, bali “ghala la maandiko”, na pale inapohitajika, “ghala la maandiko la chuo”. Sifa ya “kidijitali” iongezwe pale tu panapokuwa na hofu ya kuchanganya.

Kwa kile kinachowekwa ndani, twapendekeza neno amana. Amana si mali ya anayeitunza. Ni ya aliyeiweka, na hudaiwa. Ndivyo ilivyo kwa mtunzi wa tasnifu: hukipa chuo ruhusa ya kutunza na kutoa nakala, lakini haki ya utunzi hubaki kwake isipokuwa ameitoa kwa mkataba. Neno hili moja lingewaondolea waandishi wengi hofu kwamba kuweka kazi yao ghalani ni kuipoteza.

Lakini istilahi nzuri haimlishi mtu ikiwa gunia limeandikwa kwa lugha asiyoisoma. Ufipa imechunguzwa sana. Mwanaanthropolojia R. G. Willis alifanya utafiti huko katika miaka ya 1960, na kitabu chake juu ya dola ya Wafipa kikatoka mwaka 1981. Hayo yote kwa Kiingereza. Kilimo cha matuta kiitwacho ntumba kimeandikwa vilevile kwa Kiingereza, kana kwamba wenye matuta si wasomaji. Sasa orodha ya vipengele 15 vya maelezo iitwayo Dublin Core, iliyoanzishwa mwaka 1995 na inayotumiwa na maghala mengi, ina kipengele cha lugha, na inaruhusu kipengele kimoja kirudiwe. Hakuna kizuizi cha kiufundi kinachozuia kila tasnifu iwe na ikisiri ya Kiswahili pembeni ya ile ya Kiingereza. Kilichopungua ni amri ya chuo na saa chache za mtafsiri.

Kwa hiyo twawaomba wakutubi na watumishi wa vyuo, kabla ya kuandika jina juu ya mlango, wajiulize ni nani atakayelisoma. Mwalimu wa Kirando hakukosa elimu. Alikosa neno la kumwambia kwamba mlango uko wazi, na alipoufungua hatimaye alikosa ukurasa mmoja wa kuwasomea watoto wa wavuvi katika lugha yao ya shule ya msingi. Wasomaji wenye hoja dhidi ya “ghala la maandiko” na “amana” wanaombwa kutuandikia, wakitaja mifano ya matumizi.