Kidonge Kitupu na Ziwa la Mama

Tarehe 18 Septemba 1997 jarida la madaktari wa Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha makala ya madaktari wawili, Peter Lurie na Sidney Wolfe, yenye shutuma nzito. Walisema kwamba katika nchi maskini kulikuwa na tafiti 16 za kuzuia mama mjamzito asimwambukize mtoto virusi vya Ukimwi, na kwamba katika 15 kati ya hizo baadhi ya kina mama hawakupewa dawa yenyewe. Wengi wa hao walipewa kidonge kinachofanana na dawa kwa rangi na umbo, lakini ndani hakina kitu. Wataalamu hukiita plasebo. Mimi nitakiita kidonge kitupu. Katika toleo hilohilo Marcia Angell, aliyekuwa mhariri, aliandika tahariri ya kuunga mkono shutuma hizo. Baada ya wiki mbili wakajibu wakuu wawili wa serikali ya Marekani, Harold Varmus wa taasisi za utafiti wa afya na David Satcher wa kituo cha kudhibiti magonjwa.

Nimezisoma karatasi zote tatu katika ustaafu wangu, kamusi ikiwa pembeni, na nimezisahihisha kama nilivyokuwa nikisahihisha insha: nani ana hoja, na nani ana sauti tu.

Msomaji ataniuliza, mzee wa Yakobi anatafuta nini katika ugomvi wa madaktari wa Marekani? Jibu ni kwamba ugomvi ule ulituhusu sisi kuliko uliwahusu wao. Mojawapo ya tafiti hizo, iliyoitwa Petra, ilifanyika Dar es Salaam, Kampala na Afrika Kusini. Na katika miaka ileile, ukifungua daftari la uandikishaji katika shule za huku kwetu, nafasi ya jina la mzazi ilianza kujazwa majina ya mabibi. Mtoto wa darasa la kwanza anakuja ameshikwa mkono na bibi yake, na mwalimu hathubutu kuuliza mara mbili. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita Makambako, reli ya TAZARA nayo inapita hapo, na ugonjwa haukuhitaji kuelekezwa njia. Takwimu za kitaifa za mwaka 2011–12 zilipotolewa, Njombe iliongoza Tanzania Bara kwa asilimia 14.8 ya watu wazima wenye virusi.

Sasa tuingie katika hoja. Mwaka 1994 ilikuwa imekwisha kujulikana, kutokana na utafiti wa Marekani na Ufaransa, kwamba dawa ya AZT inapunguza maambukizi ya mtoto kutoka asilimia 25.5 hadi 8.3. Hiyo ilikuwa habari njema kupita kiasi. Lakini tazama masharti yake. Mama alianza dawa miezi mingi kabla ya kujifungua, mara tano kwa siku. Wakati wa uchungu aliwekewa dawa kwa dripu. Mtoto alipewa dawa ya maji kwa wiki sita, na wala hakunyonya. Gharama ilikuwa kama dola 800 kwa mama mmoja. Hapana zahanati ya kijiji niliyoifahamu wakati huo ambayo ingeweza hata nusu ya masharti hayo. Ndipo watafiti wakatafuta njia fupi na rahisi, na ili wajue kama inafaa, wakailinganisha na kidonge kitupu.

Angell alifananisha jambo hili na Tuskegee, kule Alabama, ambako tangu 1932 hadi 1972 mamia ya wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili madaktari watazame ugonjwa unavyokwenda. Hapa kalamu yangu nyekundu inasimama. Kule Alabama watu walidanganywa makusudi, na penisilini ilipopatikana wakazuiwa wasiifikie. Dar es Salaam haikuwa hivyo. Mfano ukiwa mkubwa mno humfanya msomaji akasirike kabla hajafikiri, na wengi walikasirika.

Lakini majibu ya Varmus na Satcher nayo hayakuniridhisha. Walisema, kwa ufupi, kwamba mwanamke wa nchi hizi hakuwa akipata dawa yoyote kwa kawaida, kwa hiyo aliyepewa kidonge kitupu hakunyang'anywa kitu. Walimtaja pia Edward Mbidde wa Uganda, aliyewaandikia kwamba utafiti ule ni wa Waganda wenyewe na uachwe mikononi mwao. Hilo la Mbidde nalipokea kwa heshima, maana tumechoka kuamuliwa na watu wa mbali. Hoja ya kwanza ndiyo inayochechemea. Ni kweli dawa haikuwa katika kabati la zahanati. Hata hivyo ilikuwa katika mkoba wa mtafiti mwenyewe, aliyekaa mbele ya mama yule akimpima. Umaskini wa kabati unaweza kumtetea waziri wa afya. Mwenye mkoba anahitaji utetezi mwingine.

Utetezi huo upo, nao ni bora kuliko ule walioutegemea. Petra iliandikisha kina mama karibu 1,800 na kuwagawa katika makundi manne. Kundi la kwanza lilipewa dawa mbili, AZT na lamivudini, tangu wiki ya 36 ya mimba, wakati wa uchungu, na kwa siku saba baada ya kujifungua. La pili lilianza wakati wa uchungu likaendelea siku hizo saba. La tatu lilipewa wakati wa uchungu tu. La nne lilipewa kidonge kitupu, mpaka Februari 1998, ambapo matokeo ya Thailand yalionyesha kwamba AZT ya muda mfupi inapunguza maambukizi kwa nusu, na kundi hilo likafungwa. Watoto walipopimwa wakiwa na wiki sita, walioambukizwa walikuwa asilimia 5.7, 8.9, 14.2, na 15.3 kwa mfuatano huo. Linganisha la tatu na la nne: ni karibu sawasawa. Bila kidonge kitupu, serikali maskini ingeliona kundi la tatu, ambalo ndilo rahisi kuliko yote, ingelinunua, na ingewapa kina mama wake dawa isiyosaidia huku ikijisifu.

Kwa hiyo katika sayansi nawapa watetezi alama. Katika maelezo yao kwa mwanamke mwenyewe siwapi, na hili ni la lugha. Shuleni neno jaribio lina maana moja tu: mtoto ndiye anayejaribiwa, na akifanya vizuri anafaulu. Mama mjamzito aliyepita shule zetu akiambiwa kwamba yumo katika jaribio la dawa, atasikia kwamba yeye akiwa mtiifu, akimeza kila siku, atafaulu. Hatasikia kwamba kinachopewa mtihani ni kidonge, na kwamba kilichomo kimechaguliwa kwa bahati nasibu. Karatasi ya ridhaa inaweza kuwa na sahihi na bado isiwe na ridhaa. Hakuna hata moja kati ya karatasi zile tatu iliyolitazama jambo hili kwa jicho la lugha ya mgonjwa.

Nalo si kubwa kuliko lile lililofuata. Watoto wa Petra walipimwa tena wakiwa na miezi 18. Tarakimu zikawa 15, 18, 20 na 22 kwa mia. Faida karibu yote ilikuwa imeyeyuka, kwa sababu robo tatu hivi ya kina mama walianza kunyonyesha. Dawa ilikoma siku ya saba, ziwa liliendelea. Wakubwa wale walikuwa wamegusia unyonyeshaji kama tofauti kati ya nchi zao na zetu, kisha ugomvi ukarudi kwenye kidonge kitupu na kubaki hapo. Bibi yeyote wa Yakobi angeuliza siku ya kwanza: na ziwa je? Angeeleza pia kwamba huku mama hawezi tu kuambiwa aache. Maziwa ya kopo yana bei, maji yana minyoo, na mama mkwe akiona mkaza mwana anatumia chupa, kabla ya jioni kijiji kizima kinajua kwa nini.

Swali hilo lilishughulikiwa hapohapo Dar es Salaam, pasipo kelele. Katika utafiti ulioitwa Mitra watoto walipewa lamivudini katika kipindi chote cha kunyonya, hadi miezi sita. Katika uliofuata, Mitra Plus, mama ndiye aliyemeza dawa tatu katika kipindi hicho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008 na 2009: kufikia miezi sita watoto walioambukizwa walikuwa karibu 5 tu kwa 100, na walikuwa wamenyonya. Kidonge kitupu hakikutumika. Walilinganishwa na watoto wa lile kundi la kwanza la Petra. Sikuona tahariri iliyopigiwa kelele kwa ajili ya tafiti hizo.

Tangu mwaka 2013 sera ya Tanzania ni kwamba mjamzito akikutwa na virusi anaanza dawa na kuendelea nazo maisha yake yote. Utafiti wa kitaifa wa 2022–23 bado uliikuta Njombe mbele ya mikoa mingine, kwa asilimia 12.7. Hao ni pamoja na kina mama wanaoishi kwa sababu wanameza dawa, na wanaonyonyesha.