Kizuri Kilichofungiwa Sandukuni

Wahenga wetu walisema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Methali hii, ambayo ni ya kweli sokoni, imegeuzwa kuwa ngao ya wavivu katika uhakiki wa sinema. Kila inapotajwa filamu ya zamani isiyojulikana na watu, husikika jibu lile lile: kama ingalikuwa nzuri, ingalikumbukwa. Sisi twaona kwamba jibu hilo ni la mtu asiyejua filamu ni kitu cha namna gani. Shairi zuri laweza kukaa kifuani mwa mtu mmoja, na kutoka hapo likahamia kifuani mwa mwingine, hata kama karatasi yake imeliwa na mchwa. Filamu haina kifua cha kukaa. Ni mkanda; mkanda wahitaji ghala, ghala lina ufunguo, na ufunguo una mwenyewe. Mwenyewe akikataa kufungua, au akisahau kwamba anao ufunguo, uzuri wote uliomo ndani hauwezi kujiuza hata kwa senti moja.

Ushahidi wa jambo hili umo katika historia ya stesheni moja ya televisheni ya Marekani iitwayo Turner Classic Movies, iliyoanza kazi tarehe 14 Aprili 1994. Shughuli yake ni kuonyesha filamu za kale, nzima, bila kuzikatiza kwa matangazo ya biashara. Mwanzilishi wake, Ted Turner, alikuwa ameinunua kampuni ya MGM mwaka 1986, na madeni yakamlazimisha kuiuza tena sehemu kubwa yake upesi. Lakini hazina ya filamu hakuiachia. Katika hazina hiyo zilikuwamo pia filamu nyingi za zamani za Warner, pamoja na haki za kuonyesha zile za RKO nchini Marekani. Bwana huyu ndiye yule yule aliyewaudhi wapenzi wa sinema katika miaka ya 1980 kwa kuzipaka rangi filamu zilizopigwa kwa weusi na weupe, kana kwamba waliozitengeneza walikuwa wamesahau kitu. Mpaka-rangi akawa mlinzi! Historia ya utamaduni ina vichekesho vyake.

Stesheni hiyo ilikuwa na desturi ambayo kwa maoni yetu ina thamani kuliko watu wanavyodhani. Kabla ya filamu kuanza, msimulizi hutokea akaeleza kwa dakika chache nani aliyeitengeneza, katika hali gani, na baadaye ilipatwa na nini. Robert Osborne aliifanya kazi hiyo tangu siku ya kwanza, na alifariki mwaka 2017. Maelezo yale ni dibaji. Mtazamaji aliyekuja kupoteza usingizi tu hujikuta amepewa njia ya kuingilia katika kazi ambayo bila hivyo angaliiona kuwa ni watu wa kijivu wanaosema upesi upesi.

Mwezi wa Aprili 2007 stesheni hii ilionyesha filamu sita za RKO ambazo kwa karibu nusu karne umma haukuweza kuziona. Sababu ya kupotea kwake haikuwa moto wala maji wala ubovu. Ilikuwa karatasi. Merian C. Cooper, mmoja wa waongozaji wa King Kong ya mwaka 1933, aliwahi kuwa mkuu wa utayarishaji katika RKO, na alidai kwamba kampuni haikumlipa haki yake yote. Mwaka 1946 wakapatana, naye akapewa haki za filamu sita. Katika miaka ya 1950 zilionekana kidogo katika televisheni, kisha mlango ukafungwa. Katika miaka hiyo hiyo hazina ya RKO ilikuwa imeuzwa kwa wenye televisheni, na kizazi kizima cha Wamarekani kikakua kikizitazama filamu za kampuni hiyo usiku baada ya usiku, ila hizo sita. Wahakiki wakaandika vitabu vya historia bila kuzitazama. Hapo ndipo mtu anapopaswa kuuliza: hukumu ya wakati, ambayo twaitaja kwa heshima kubwa, ni hukumu gani hiyo inayotolewa na hakimu ambaye hakuletewa mshtakiwa?

Sasa mshtakiwa ameletwa, na haki yataka tuseme kwamba si zote sita zinazostahili kushangiliwa. Rafter Romance (1933) ni mchezo mwepesi wa mwanamke na mwanamume waliopangishwa chumba kimoja kwa zamu, mmoja akikitumia mchana na mwingine usiku, wakachukiana kwa barua na kupendana barabarani bila kutambuana. Ginger Rogers aipa uhai. Living on Love (1937) ni hadithi hiyo hiyo iliyopikwa mara ya pili, na mchuzi wa pili hauna nazi. Stingaree (1934), iliyowekwa Australia, yatazamika kwa sababu ya sauti ya Irene Dunne. Double Harness (1933) ni kazi ya watu wazima: Ann Harding anacheza mwanamke anayeichukulia ndoa kuwa biashara, akamtega mume kama mfanyabiashara anavyotega mteja, kisha akapata hasara ya kumpenda. Baada ya mwaka 1934, masharti ya maadili yalipokazwa huko Hollywood, mazungumzo ya wazi namna hiyo yalikuwa adimu.

Lakini iliyotukalia moyoni ni A Man to Remember ya mwaka 1938. Mwongozaji wake, Garson Kanin, alikuwa na umri wa miaka 25, na hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza. Aliyeandika mchezo ni Dalton Trumbo, yule ambaye mwaka 1950 alitiwa gerezani kwa kukataa kujibu maswali ya kamati ya Bunge la Marekani kuhusu siasa zake. Ilitengenezwa kwa fedha chache. Hadithi yake ilikwisha kutumiwa mwaka 1933 katika One Man's Journey, ambayo nayo ni mojawapo ya zile sita. Yaanza na mazishi. Daktari wa mji mdogo, John Abbott, amefariki, na wakati mji unamzika, wadai wake wamekusanyika kwa wakili kungojea sanduku lake lifunguliwe, wajue ni kiasi gani kila mmoja atapata. Sanduku lafunguliwa. Ndani hamna mali, mna karatasi. Kila karatasi inapoinuliwa, filamu yarudi nyuma kutuonyesha ilitokana na nini: mgonjwa aliyetibiwa bila malipo, tajiri aliyelazimishwa kulipa zaidi ya alivyotaka, na jinsi daktari alivyoukabili mji mzima ugonjwa wa kupooza watoto ulipoingia, wakubwa wakimwona mtu wa kuharibu biashara.

Tunaomba msomaji aangalie ustadi wa jambo hili. Mwandishi wa kawaida angalimsifu daktari kwa hotuba kaburini. Trumbo awaachia kazi hiyo watu waliokuja kumdai. Edward Ellis, aliyemcheza daktari, hana uzuri wa mchezaji mashuhuri. Ana uso wa mtu aliyezoea kuamshwa usiku. Hajipendekezi kwetu. Kwa saa moja na ushei tu twahesabishwa upya deni, mpaka ikawa marehemu ndiye anayewadai wote waliomo chumbani. Zipo filamu nyingi kubwa za mwaka ule zenye nguo za thamani na farasi wengi ambazo hazina nusu ya wazo hili.

Na filamu hii ya sanduku lenyewe ilipatikanaje? Nakala iliyosalimika ilikuwa Uholanzi, katika jumba la kuhifadhia filamu, ikiwa na tafsiri ya Kiholanzi chini ya picha. Wamarekani waliposhuhudia mwaka 2007 mazishi ya daktari wao, iliwabidi wayatazame juu ya maneno ya wageni. Jambo hili halikuwa la ajabu katika biashara ya zamani ya sinema. Nakala iliyokwisha kuzungushwa nchi za nje mara nyingi haikurudishwa, kwa kuwa nauli ilizidi bei yake. Ikabaki huko ilikokomea.

Sisi tulio watungaji wa mashairi twaijua hali hiyo kwa karibu. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yaliandikwa kwa bidii ya Mwalimu Sikujua kwa ajili ya kasisi wa Kiingereza, W. E. Taylor, yakachapishwa na Hichens mwaka 1940 huko Johannesburg, na miswada yake ikawekwa London. Mtu ashukuru na aone uchungu kwa pamoja.

Tusiitukuze stesheni hiyo kupita kiasi. Ulinzi wake ni ulinzi wa mfanyabiashara, nao hutegemea hesabu za mwaka. Mwaka 2023 wakubwa wa kampuni inayoimiliki waliwapunguza kazini viongozi wake kwa wingi, hata ikabidi waongozaji watatu mashuhuri, Martin Scorsese, Steven Spielberg na Paul Thomas Anderson, kuingilia kati kuitetea. Isitoshe, mfanyabiashara huonyesha kwanza kilicho dukani mwake. Filamu sita za Cooper zilikuwa zimepotea, lakini zilikuwa na ukoo: kampuni kubwa, mkataba, jina la mtu wa kuandikiwa barua. Zipo nyingine zilizopotea kwa kuwa aliyezitengeneza hakuwa na duka hata siku moja.

Huyo ni Oscar Micheaux, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa mwaka 1884. Alikuwa mkulima katika mbuga za South Dakota, akaandika riwaya akaziuza mwenyewe nyumba hata nyumba, na kuanzia mwaka 1919 akatengeneza filamu zipatazo arobaini. Alizichukua mkononi mji hata mji, akiwabembeleza wenye majumba ya sinema ya watu weusi. Hapa methali yetu yafedheheka kabisa, maana hiki kilikuwa kizuri kilichojitembeza. Katika filamu zake zote zisizo na sauti zimesalia tatu. Within Our Gates (1920), inayoonyesha jinsi watu weusi walivyouawa na makundi ya wazungu bila hukumu, ilipatikana Hispania ikiitwa La Negra, na vibao vyake vya maandishi vikabidi kurudishwa katika Kiingereza kutoka Kihispania. The Symbol of the Unconquered (1920) ilipatikana Ubelgiji. Ya tatu, Body and Soul (1925), ndiyo iliyomtoa kwa mara ya kwanza Paul Robeson, akicheza watu wawili, mhubiri laghai na ndugu yake mwema.

Hapa yafaa kukumbusha jambo linalotuhusu. Miaka kumi baadaye Robeson huyo huyo alicheza huko Uingereza katika Sanders of the River (1935), filamu ya kuusifu utawala wa kikoloni, na miongoni mwa machifu wake anaonekana Mzee Jomo Kenyatta, ambaye siku hizo alikuwa akiishi London. Robeson aliikana baadaye, akisema kwamba maana yake ilipotoshwa. Filamu hiyo haikupotea. Ilikuwa na kampuni, na kampuni ilikuwa na ghala. Aliyekuwa akimsingizia Mwafrika aliwekewa rafu. Aliyekuwa akimsemea alitawanyika Madrid na Brussels.

The Symbol of the Unconquered ilitengenezwa upya katika miaka ya 1990 kwa msaada wa stesheni tunayoizungumzia, ikatiwa muziki wa mpiga ngoma Max Roach, ikaonyeshwa katika nyumba za watu. Si kazi isiyo na dosari. Baadhi ya wachezaji wanapepesa mikono kama wafukuzao nzi, na hadithi ina mafundo mengi. Lakini ndani yake yumo Driscoll, mtu mweusi mwenye ngozi nyeupe anayejifanya Mzungu, na tukio ambalo mama yake anatokea mbele ya mwanamke wa Kizungu anayemposa, siri ikafichuka, naye akamrukia mama yake kumkaba. Hatujui tukio lingine la miaka hiyo lililothubutu kuonyesha hivyo sumu ya mtu kuichukia damu yake. Baadaye Driscoll ana hoteli huko magharibi, na msichana mweusi Eve Mason, aliyekuja kurithi shamba la babu yake, anafika usiku kuomba pa kulala. Driscoll amtambua kwa macho. Ampeleka akalale ghalani.

Jirani yake Eve, Van Allen, ana ardhi yenye mafuta, na wenye tamaa wanatuma wapanda farasi waliojifunika nguo na mienge kumfukuza. Matangazo ya mwaka 1920 yaliwaahidi watazamaji weusi kwamba wataona kundi la namna ya Ku Klux Klan likifanya kazi yake, na wataona likiangamizwa. Kwa ajili ya tukio hilo watu walitoa senti zao. Katika nakala ya Ubelgiji wapanda farasi wanakusanyika, mienge inawaka, wanatoka kuelekea nyumbani kwa Van Allen; halafu mkanda warukia siku za baadaye, mafuta yamekwisha kuchimbwa na Van Allen amekuwa tajiri. Mapigano yenyewe, ambayo weusi walishinda, hayamo.